Tunajifunza POO, lakini tunapima nini?



Tangu tutangaze mafunzo ya kompyuta ya kila Jumamosi kwa wenye licence wa promosio zote, nimepokea maswali mengi kwenye telefone. Ukiyachuja yanabaki mawili. La kwanza: wewe ni agronome, umesoma udongo na mbegu, POO inakuhusu nini? La pili, na hili wanaliuliza kwa sauti ya chini: mwisho wa mafunzo mtatoa atestasio? La kwanza nitalijibu mbio mbio. La pili njo litachukua nafasi kubwa, juu atestasio ni karatasi inayosema kwamba mtu anaweza kazi fulani, na mimi sipendi kutia sahihi yangu chini ya karatasi ya namna hiyo kabla sijajua imepima kitu gani.

Kwa wale ambao hawakupita kwenye somo hili: POO ni namna ya kuandika programu ambamo huishii kupanga amri kutoka juu mpaka chini. Unaumba vitu ndani ya programu, na kila kitu kinabeba habari zake na kinajua kazi zake. Kitu hicho tunakiita objekti. Maelezo yanayosema objekti za aina fulani ziwe vipi tunayaita klasi. Habari ambazo objekti inazibeba ni atributi, na kazi ambazo inazijua ni metodi. Maneno manne, basi. Mengine yatakuja njiani.

Sasa agronome anatafuta nini humo? Wazo la objekti lilizaliwa kwa watu waliotaka kuigiza mambo ya dunia ndani ya mashini. Huko Oslo, Norwe, miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza lugha ya Simula, na toleo lake la 1967 njo lilileta klasi, objekti na urithi. Simula, jina lenyewe linasema: kuigiza. Baadaye Alan Kay, Mmarekani aliyesoma hesabu na biolojia, alilipeleka wazo hilo mbele na lugha ya Smalltalk kule Xerox PARC, California. Yeye aliziwaza objekti kama chembe hai, kila moja na ngozi yake, zinapelekeana ujumbe. Agronome akisikia hivyo anacheka: kumbe tuko nyumbani. Hata leo kuna APSIM, programu ambayo watafiti wa kilimo wanaitumia kuigiza shamba la mahindi siku kwa siku, na mvua yake na udongo wake. Toleo lake jipya limeandikwa kwa C#, lugha ya objekti, na ukitaka kuiambia lini ipande na lini itie mbolea kwa masharti yako mwenyewe, unaandika kipande kidogo cha C#. Tukiacha POO kwa watu wa informatiki peke yao, sisi tutabaki kubonyeza vitufe vya watu wengine vilivyowekwa kwa mashamba ya watu wengine.

Swali la kwanza nimelimaliza.

Kabla ya kuongea juu ya kupima, lazima tujue watu wanakwama wapi, juu huwezi kupima homa kwenye kisigino. Pahali pa kwanza ni tofauti ya klasi na objekti. Kwenye silabusi imeandikwa kwamba klasi ni muundo na objekti ni mfano wake. Mwanafunzi anaikariri, anairudisha vile vile, anapata pointi zake. Lakini mwombe achore, utaona biki inasimama.

Kwa wenzangu wa kilimo mimi ninaanza na fishi ya mbegu. Fishi ya aina fulani ya maharage inasema inakomaa baada ya siku ngapi, ua lake ni la rangi gani, punje mia zina uzito gani, inahitaji vijiti vya kukwea ao haihitaji. Fishi haina mizizi. Huwezi kuila. Hiyo njo klasi. Lakini mmea uliotoka kwenye shimo la tatu la mstari wa pili, wenye majani mawili yaliyotobolewa na wadudu, huo njo objekti. Mmea wa shimo la nne umetoka kwenye fishi ile ile, na majani yake ni mazima. Wadudu wakimaliza ule wa tatu, ule wa nne hauna habari. Mfano huu uko na kasoro, tuiseme mapema: fishi haizai mmea, wakati klasi njo unayoiita ili objekti iumbwe. Mfano wowote una pahali unapovunjika, na mwalimu mzuri anawaonyesha wanafunzi pahali penyewe ili wasije wakaanguka hapo wenyewe.

Sasa tuingie kwenye depo. Chukueni klasi moja, tuiite Depo. Kila depo inashika jina la mazao na kilo zilizomo. Inajua kazi mbili: ingiza, inayoongeza kilo, na toa, inayopunguza. Ikiombwa kutoa kilo zaidi ya zilizomo, inakataa na haibadilishi kitu. Kwa Python tunaandika mistari sita:

d1 = Depo("maharage", 100)
d2 = Depo("maharage", 100)
d3 = d1
d3.toa(40)
d2.toa(10)
d1.ingiza(5)

Mwishoni d1, d2 na d3 kila moja iko na kilo ngapi? Tafadhali, andika jibu lako kwenye karatasi mbele ya kuendelea kusoma.

Jibu ni 65, 90 na 65. Mstari wa tatu haujengi depo mpya. Unaipa depo ya kwanza jina la pili. Ni kama shamba moja ambalo baba analiita shamba la mtoni na mama analiita shamba la mihogo. Mwizi akivuna shamba la mtoni, mama hawezi kusema la kwake limepona.

Sasa angalieni uzuri wa swali hili. Aliyejibu 105, 90 na 60 hakukosa kwa bahati mbaya. Huyo anafikiri d3 = d1 inatengeneza nakala, depo ya tatu yenye kilo 100 zake. Aliyejibu 55 kwa zote tatu anafikiri kwamba depo zenye jina moja la mazao ni depo moja: 100, toa 40, toa 10, ongeza 5. Majibu haya mawili yote yanapata sifuri, lakini ni magonjwa mawili tofauti na dawa yake si moja. Wa kwanza unamchorea mishale: majina mawili, sanduku moja. Wa pili unamwonyesha mbuzi wawili weupe wenye kilo sawa: ukichinja mmoja, mwingine analia bado. Watafiti wa Open University ya Uingereza, Simon Holland, Robert Griffiths na Mark Woodman, waliandika tangu 1997 juu ya kuchanganya huku: mtu kuona objekti na klasi ni kitu kimoja, ao kufikiri kwamba jina lililoandikwa ndani ya objekti ndilo linaloifanya iwe yenyewe. Kwa hiyo si ujinga wa wanafunzi wa Kivu. Ni mitego ambayo somo lenyewe linaitega.

Mwalimu anayeuliza "eleza maana ya objekti" hapati habari yoyote kati ya hizi. Anapata sentensi ya silabusi yake mwenyewe, inarudi kwake na makosa ya herufi.

Mtaniuliza: sasa hatari iko wapi, si ni masomo tu? Nieleze jambo moja nililoliona kwa karibu. Jina la shirika nalihifadhi, na la kijana pia. Shirika hilo lilikuwa linakopesha mbegu za maharage kwa akina mama mbele ya saizoni A, ile tunayoipanda Septemba. Lilikuwa na depo tatu. Kijana mmoja mwenye diplomi nzuri, na 16/20 katika somo hili hili, aliwaandikia programu ya kuhesabu stoki. Mtihani aliopata 16 ulikuwa na maana nne za kueleza na programu moja iliyokuwa tayari ndani ya silabusi. Mtu wa bidii, hakuiba pointi za mtu.

Katika klasi yake ya Depo aliweka orodha ya magunia yanayoingia juu kabisa, chini ya jina la klasi, badala ya kuiweka pale objekti inapoumbwa. Kwa Python maana yake ni kwamba orodha ni moja tu na depo zote zinaandika ndani yake. Daftari moja, mabiki matatu. Depo ya kwanza ilipokea kilo 150, ya pili 300, ya tatu 450, na programu ikaonyesha 900 kwa kila moja. Ofisi ilikuwa inapiga karatasi ya kila depo mbali mbali, kwa hiyo hakuna aliyeona namba tatu zinazofanana pamoja. Wakaahidi mbegu kwa akina mama 60 wa upande wa depo ndogo, kilo tano kwa kila mmoja. Fanyeni hesabu: inahitajika 300, iko 150. Wale 30 wa mwisho walirudi na vikapu vitupu, na wakati huo mvua imeshaanza. Mbegu ikakuja kuhamishwa kutoka depo ya tatu baada ya wiki mbili. Anayejua saizoni A anajua wiki mbili ni nini.

Sina la kumlaumu kijana. Hakuna aliyemuuliza hata siku moja: ukiumba depo mbili na kuingiza gunia katika moja, nyingine inaonyesha nini? Swali la dakika moja. Lingetosha.

Tena jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 2001 kikundi cha walimu kilichoongozwa na Michael McCracken kiliwapa wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne, katika nchi mbali mbali, kazi ya kuandika programu baada ya masomo yao ya mwanzo. Wastani ulikuwa 22.89 juu ya pointi 110. Tukiuleta kwenye desturi yetu, ni karibu 4/20. Watu walishituka. Wengi walisema tatizo ni kwamba wanafunzi hawajui kutatua shida, kuchukua jambo kubwa na kulikatakata. Lakini mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake walijaribu njia nyingine kwa wanafunzi wa nchi saba: maswali 12 ya kuchagua jibu, bila kuandika programu yoyote, ni kusoma tu programu fupi na kusema inafanya nini, ao kuchagua mstari unaokosekana. Wengi walianguka hata hapo. Tafsiri yangu ni hii: tunawadai watu waandike barua katika lugha ambayo hawajaweza kuisoma. Kijana wa depo tatu alikuwa anaweza kuandika klasi inayopendeza macho. Kuifuata mstari kwa mstari, akisema sasa hivi ndani ya kila sanduku kuna nini, hilo halikuwahi kudaiwa kwake.

Njo maana katika mafunzo yetu ninapendekeza tupime kwa namna nne, na uzito usiwe sawa.

Pointi 8 juu ya 20 ziende kwenye kufuata. Karatasi, kalamu ya risasi, programu fupi kama ile ya depo, na mtu anachora masanduku na mishale, anafuta kilo za zamani na kuandika mpya. Mchoro tunausahihisha pia, si jibu la mwisho peke yake. Nimeuwekea uzito mkubwa makusudi. Na faida yake kwa nchi yetu ni wazi: umeme ukikatika, mtihani unaendelea. Tena swali moja linazaa mia. Ukibadilisha namba na kuhamisha ule mstari wa d3 = d1 ukauweka chini ya toa, jirani hawezi kumpa jirani jibu. Jaribuni wenyewe: ukiwa chini kabisa, baada ya mistari mingine yote, lakini ile toa(40) iwe imefanywa na d1, majibu yanabadilika ao hapana?

Pointi 4 ziende kwenye kupanga. Dale Parsons na Patricia Haden wa Otago Polytechnic, kule Nyuzilandi, walieleza mwaka 2006 zoezi rahisi: unachukua programu iliyo sawa, unakata mistari yake, unaichanganya, na mwanafunzi anairudisha kwenye mpango wake. Unaweza kutia ndani mistari miwili ya uongo. Sisi tunapiga karatasi, tunakata na makasi, tunatia kwenye bahasha. Kwa POO zoezi hili linaonyesha vizuri sana kama mtu anajua mstari gani unakaa ndani ya klasi na gani unakaa nje. Ile orodha ya magunia ingekuwa kipande kimoja cha karatasi, na ungeona mkono wa mtu unakiweka wapi.

Pointi 4 nyingine ni za kubadilisha programu ambayo iko tayari inatembea: ongeza metodi ya kuhamisha kilo kutoka depo moja hadi nyingine. Humo kuna mtego mzuri. Ikiwa depo ya kwanza inakataa kutoa kwa sababu kilo hazitoshi, depo ya pili isipokee. Wengi wanasahau, na hapo unapata mbegu iliyozaliwa hewani. Kazini mtu haanzi karibu kamwe na ukurasa mweupe. Anakuta programu ya mwenzake aliyeondoka.

Zinazobaki, 4, ni za kuandika klasi moja ndogo kutoka mwanzo, kwenye mashini ao telefone. Hapo tunaweza kutumia majaribio ya kujisahihisha yenyewe: programu nyingine inayoumba objekti mbili, inabadilisha moja, na kuangalia kama nyingine imetulia. Ni haraka na haina upendeleo. Lakini jaribio haliangalii umbo la kazi. Mtu anaweza kulipita na programu ambayo hakuna mtu mwingine atakayeisoma, kwa hiyo jicho la mtu linabaki la lazima.

Na juu ya hizo nne, kila mmoja akae mbele yetu dakika sita na kazi yake. Siku hizi telefone inaweza kumwandikia mtu klasi nzima kwa sekunde chache, kila mtu anajua, tusijifiche. Sikatazi. Ninamwambia tu: futa mstari huu, sasa nini kitatokea? Aliyeelewa anajibu, hata kama aliandikiwa. Asiyeelewa anaangalia dari. Kwa watu 24, dakika sita kila mmoja ni saa mbili na dakika 24. Tukiwa wasikilizaji wawili, tunamaliza kwa nusu ya wakati huo. Asistenti mmoja rafiki yangu ananipinga: yeye ana wanafunzi 300 katika oditwari, dakika sita kwa kila mmoja ni saa 30, atazitoa wapi? Ana haki. Kwake ningeshauri karatasi za kufuata na kupanga, kwani hizo hata 300 zinasahihishika, na mazungumzo yabaki kwa wale ambao pointi zao zinashangaza, ziwe juu sana ao chini sana. Lakini sisi ni 24, hatuna sababu ya kujificha nyuma ya wingi.

Mtaona sikuweka pointi hata moja kwa kueleza maana za maneno. Si kwamba maneno hayana kazi. Maneno yanakaa vizuri kwa mtu ambaye ameshaona kitu chenyewe. Chukueni encapsulation, neno refu linalotisha watu. Kwenye depo kuna mtunza depo na daftari yake. Ukitaka kilo kumi unapita kwake, anaangalia kama ziko, anaandika, anakupa. Anayeruka dirisha na kubeba gunia usiku, hata kama gunia ni la kwake, ameharibu hesabu. Kuandika d1.kilo = 500 moja kwa moja ni kuruka dirisha. Java inaweza kufunga dirisha hilo na msumari. Python haina msumari: mstari mdogo unaowekwa mbele ya jina la atributi ni kama kibao "usipite hapa", anayetaka kupita anapita. Mtu akishaona hilo, mpe neno lenyewe, halitamtoka tena.

Neno la urithi nalo linahitaji angalisho, hasa kwetu tunaolisikia kwa Kiswahili. Kwetu urithi ni baba amefariki na mtoto amechukua shamba. Nimeona watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wanaandika klasi ya Shamba inayorithi klasi ya Mkulima, na ukiwauliza wanakujibu kwa uhakika kabisa: si shamba linatoka kwa mkulima? Katika POO hakuna anayefariki na hakuna anayenyang'anywa. Klasi ya maharage ya kukwea inarithi klasi ya maharage kwa sababu kila haragwe la kukwea ni haragwe, lenye mambo yote ya maharage pamoja na vijiti vyake juu. Kipimo kiko ndani ya lugha yetu wenyewe. Sema sentensi kwa "ni", halafu iseme kwa "iko na". Haragwe la kukwea ni haragwe: sawa, urithi. Shamba ni mkulima: hapana. Mkulima iko na shamba, ndiyo, kwa hiyo shamba linakuwa atributi ndani ya mkulima. (Walimu wa Kiswahili sanifu watanisamehe hiyo "iko na", wao waseme "ana", kipimo kinafanya kazi vile vile.)

Kuhusu vyombo, msiogope. Asiye na mashini anaweza kuweka Pydroid 3 kwenye telefone ya Android. Ikishaingia inafanya kazi bila intaneti. Mwenye mashini, hata ya zamani, atafute Thonny, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python ndani yake, na inakuruhusu kutembeza programu hatua moja moja huku ukiona kila jina linashika nini. Wanaopendelea Java kuna BlueJ ya Michael Kölling na wenzake, ambayo ilitengenezwa kwa wanaoanza POO: unabonyeza juu ya klasi, unaumba objekti, inatokea chini ya skrini kama kisanduku chekundu, na unaweza kukifungua uone ndani. Zote tatu zinapatikana bila kulipa. Mwenye mega za kutosha afungue Python Tutor ya Philip Guo, inachora yenyewe masanduku na mishale. Lakini ninaomba kitu kimoja: mchoro wa kwanza uchore kwa mkono. Nimeona watu wanaangalia mishale ya mashini sawa vile mtu anaangalia mpira kwenye televizyo.

Kwa hiyo swali la pili, lile la atestasio. Pendekezo langu kwa komite ni kutoa karatasi mbili tofauti. Ya kwanza iseme kwamba mtu anasoma na kufuata programu ya objekti: apate angalau 9 juu ya 12 za kufuata na kupanga, na apite mazungumzo. Ya pili iseme kwamba anaandika na kubadilisha, na isipewe mtu ambaye hana ya kwanza. Nyuma ya kila karatasi tuandike kwa maneno ya kawaida mtu amefanya nini mbele yetu, ili shirika likisoma lijue linaajiri nani. Aliyeanguka anarudi wiki inayofuata na namba nyingine, bila kulipa tena.

Komite itajibu mwisho wa mwezi. Wakati huo huo Jumamosi hii tuko saa tatu ya asubuhi, pahali pa kawaida. Mlete kaye yenye miraba, kalamu ya risasi, na kifutio. Mashini tutazifungua kuanzia saa tano, kama umeme uko.